Ona Kwanza: Somo Kutoka kwa Nehemia



Katika masomo ya falsafa nilipenda sana utaratibu wa Mtakatifu Thomas wa Akwino. Kwenye Summa Theologiae, kabla ya kujibu swali, anaweka kwanza hoja za upande wa pili. Anataka swali lieleweke vizuri. Biblia nayo ina mtu wa namna hiyo: Nehemia.

Soma Nehemia 2:11-16. Anafika Yerusalemu akijua ukuta umebomoka. Ameshalia, amefunga, amesali, na ruhusa ya mfalme anayo. Sisi tungeitisha kikao siku hiyohiyo! Yeye anakaa siku tatu, halafu anatoka usiku na watu wachache, akikagua ukuta na malango, mpaka mahali ambapo mnyama wake anakosa pa kupita. Baada ya hapo ndipo anawaambia watu: tujenge. Ukuta ukakamilika kwa siku 52 (6:15).

Kumbe shida haikuwa mawe tu. Katika sura ya 5 maskini wanalia: wameweka rehani mashamba, na watoto wao wanaingia utumwani kwa madeni ya ndugu zao wenyewe. Nehemia anakasirika, lakini anatafakari kwanza moyoni, kisha ndipo anawakabili wakubwa.

Sasa tuje kwetu. Mwenzetu akiacha kuja jumuiya, haraka tunasema, "Imani yake imepoa," tunaanza kumpa mawaidha. Je, kama anadaiwa michango na anaona aibu? Je, kama Jumapili yuko kazini kwa sababu nyumbani wanamtegemea yeye? Ukimtibu ugonjwa asio nao, unaweza kumpoteza kabisa.

Ndugu zangu wa VIWAWA mnaijua njia ya Kardinali Joseph Cardijn: Ona, Amua, Tenda. Papa Yohane XXIII aliipendekeza katika waraka wa Mater et Magistra, mwaka 1961. Kuona kunatangulia, na kusali hakuchukui nafasi yake. Nehemia alisali, na bado akaenda kukagua.

Zoezi la wiki hii: mtembelee mmoja aliyepotea kwenye kundi. Muulize, "Siku hizi unaendeleaje?" Kisha nyamaza, msikilize. Siku hiyo usimshauri kitu. Uliyoyasikia yapeleke mbele ya Ekaristi, na umwombe Bwana akuonyeshe hatua inayofuata.

Tafakari njema!