Hewa Katika Mashimo ya Makaa ya Mawe

Sisi wa Kimuli twawajua wachimbao bati katika nchi ya Kyerwa. Na tujifunze jinsi wachimba makaa ya mawe walivyopata hewa chini ya ardhi.

Makaa hutoa hewa iwakayo. Ikikutana na moto, hulipuka. Tena pumzi za watu na moshi wa baruti huharibu hewa. Kwa hiyo zamani Waingereza walichimba mashimo mawili, yaliyounganishwa chini kwa njia. Chini ya shimo moja waliwasha moto mkubwa: hewa yenye joto ikapanda, na hewa safi ikashuka kwa shimo la pili. Milango ya mbao iliielekeza hewa hata mahali pa kazi. Baadaye feni zilichukua kazi ya moto.

Lakini huko Hartley, mwaka 1862, shimo lilikuwa moja tu. Boriti ya mtambo wa kuvutia maji ilivunjika, ikaanguka na kuliziba. Watu 204 walikufa, karibu wote kwa hewa mbaya. Mwaka ule ule sheria iliamuru kila mgodi wa makaa uwe na njia mbili za kutokea.

Je, jambo hili latuhusu? Naam. Hewa haiingii isipopata pa kutokea. Basi mchimba bati asishuke shimo refu lenye mdomo mmoja lisilopelekewa hewa, wala asiteremshe humo mtambo wa petroli, maana moshi wake una sumu isiyo na rangi wala harufu. Na mwenzake akianguka ndani, asimfuate kabla hewa safi haijapelekwa. Wengi wamekufa wakitaka kuokoa. Wazee, wafundisheni vijana hayo.