Kuchagua Vitabu vya Kiingereza: Mwongozo kwa Walimu wa Shule Ndogo za Lugha, Moshi

Mwongozo huu ni wa wenye shule ndogo za lugha na walimu wao, mjini Moshi na katika vijiji vya mlimani kama Marangu, Machame na Kibosho. Shule ya sekondari hupangiwa kitabu cha kiada. Shule ya lugha hujichagulia, na ikikosea, anayeumia ni mwanafunzi. Wanafunzi wengi hulipa ada kwa fedha waliyoipata kwa kubeba mizigo mlimani, kutandika vitanda vya hoteli au kuuza kahawa. Fedha hiyo inastahili kitabu kilichochaguliwa kwa uangalifu.

Kanuni ya mwongozo wote ni hii: andika kwanza yale ambayo mwanafunzi anapaswa kuyasema kazini, kisha hesabu saa mlizonazo, ndipo uende kutafuta kitabu.

1. Anza na kazi ya mwanafunzi

Wanafunzi wa darasa moja hawatoki mahali pamoja. Mpagazi, au mgumu kama wanavyojiita wenyewe, aliyeishia darasa la saba katika shule ya serikali alisoma karibu masomo yote kwa Kiswahili. Kijana wa kidato cha nne amesoma baiolojia na jiografia kwa Kiingereza kwa miaka minne. Aya ataisoma, lakini mbele ya mgeni anasita kufungua mdomo. Ukiwapa hawa wawili kitabu kimoja bila kuwapima, mmoja atakata tamaa na mwingine atachoka kusubiri.

Kabla ya kozi, kaa na kila mwanafunzi kwa dakika kumi na zungumza naye kwa Kiswahili. Muulize: Kiingereza unakitumia na nani, na wapi? Mara ya mwisho, ni jambo gani lilikushinda kulisema? Andika jibu lake kama alivyolitoa.

Majibu hayo yatakuonyesha njia. Mpagazi anayetaka kuwa msaidizi wa mwongoza watalii anahitaji kumuuliza mgeni kama kichwa kinamuuma, kama ametapika, kama amelala usiku, na kulielewa jibu. Ukishapita kambi ya Horombo, kwenye mita 3,720, jibu lililoeleweka vibaya linaweza kugharimu maisha ya mtu. Mhudumu wa hoteli anahitaji kupokea lalamiko la maji ya moto bila kugombana. Mkulima wa Materuni anayepokea wageni shambani anahitaji kueleza hatua za kahawa tangu kuchuma, kumenya na kukausha hadi kukoboa, kukaanga na kutwanga. Itunze orodha hii, maana ndiyo itakayotumika kukihukumu kitabu mwishoni.

2. Hesabu saa kabla ya kurasa

Vitabu vingi vya kimataifa hufuata ngazi sita zilizochapishwa na Baraza la Ulaya mwaka 2001, kuanzia A1 ya anayeanza hadi C2 ya mbobezi. Kwa makadirio ya Cambridge, anayeanza bila kitu huhitaji saa 180 hadi 200 za kufundishwa ili afike A2. Kufika B1 huhitaji jumla ya saa 350 hadi 400.

Linganisha na kalenda yetu. Wapagazi na waongozaji hupata nafasi ya kusoma wakati wa masika, kati ya Machi na Mei, watalii wanapopungua. Kozi ya wiki nane, siku tano kwa wiki, saa mbili kwa siku, ni saa 80. Kitabu cha ngazi moja chenye sura kumi na mbili mara nyingi kimepangwa kwa saa 120 hivi. Hakitaisha, na mwalimu anayekikimbiza ili kiishe hufundisha kurasa badala ya watu.

Kwa hiyo chagua kitabu ambacho sura zake zinaweza kurukwa bila somo kuharibika, kisha teua sura saba au nane zinazogusa orodha yako. Na mwanafunzi aelezwe ukweli siku ya kujiandikisha: msimu mmoja hautamfikisha A2 kutoka sifuri. Tangazo linaloahidi Kiingereza fasaha kwa miezi miwili linamwibia.

3. Kagua sura ya katikati

Sura ya kwanza ya kitabu hupambwa kuliko zote. Fungua ya tano au ya sita, isome yote, ujibu maswali haya:

- Mazoezi mangapi yanamtaka mwanafunzi aseme jambo, na mangapi yanamtaka ajaze nafasi tu? Kwa kozi ya kazini, ya kusema yasipungue nusu.
- Je, maelekezo ya zoezi yanaeleweka kwa mwanafunzi wa ngazi hiyo, au ni magumu kuliko zoezi lenyewe?
- Maneno mapya ni mangapi katika somo moja, na yanarudi katika sura zinazofuata?
- Kuna kiongozi cha mwalimu na majibu ya mazoezi?
- Sauti zilizorekodiwa zinapatikanaje? Kama ni za intaneti tu, je, zinaweza kupakuliwa kwenye simu au flashi na kusikilizwa umeme ukikatika?
- Je, kuna sauti za wazungumzaji wa namna mbalimbali? Mgeni anayeshuka KIA anaweza kuwa Mmarekani, Mjerumani au Mhindi, na kila mmoja hutamka Kiingereza kwa namna yake.

Usikikatae kitabu kwa sababu tu kinasimulia treni za chini ya ardhi za London. Wageni wetu wanatoka huko, na anayewahudumia akiyajua maisha yao ataweza kuzungumza nao. Kikatae pale ambapo zoezi haliwezekani bila kuwa na maisha hayo, kwa mfano linalomtaka mwanafunzi asimulie safari yake ya ndege ya mwisho, ilhali hajawahi kupanda ndege.

Angalia pia kitabu kilitungwa kwa kazi gani. *English Grammar in Use* cha Raymond Murphy, kilichotoka 1985, ni kitabu bora cha sarufi kwa anayejisomea akiwa ngazi ya kati. Hakikuandikwa kiwe kozi ya darasa la wanaoanza, na kukigeuza hivyo ni kukionea kitabu na kumwonea mwanafunzi. *Headway* cha John na Liz Soars, ambacho Oxford walianza kukitoa 1986, ni kozi kamili ya watu wazima. Kitabu cha Taasisi ya Elimu Tanzania hufuata muhtasari wa shule, hivyo humfaa zaidi anayejiandaa kwa mtihani.

4. Andika kurasa za nyumbani

Kitabu cha dunia nzima hakijui Mswahili hujikwaa wapi. Wewe unajua. Kwa kila sura uliyoiteua, andaa ukurasa mmoja wako mwenyewe. Mambo yafuatayo yasikosekane:

- *Yeye.* Kiswahili hakitenganishi mwanamume na mwanamke katika neno hili, kwa hiyo “he” na “she” huchanganywa hata na waliosoma miaka mingi. Yanataka mazoezi ya mdomo ya kila siku.
- *Irabu.* Sisi tuna tano, Kiingereza kina zaidi. “Ship” na “sheep” katika kinywa chetu huwa neno moja. Kwa upande mwingine, sauti za *th* na *dh* tunazo tayari, basi usipoteze saa nyingi hapo.
- *Saa.* Saa mbili asubuhi ni “eight”. Mwongozaji akimwambia mgeni “two o'clock”, gari litasubiri tangu asubuhi na mgeni atatoka mchana.
- *Pole.* Mgeni akijikwaa kwenye jiwe, sisi husema “sorry” kwa huruma. Yeye husikia mtu anayekiri kosa, na hujibu kwamba si kosa lako. Fundisha la kusema badala yake, kama “Are you all right?”
- *Naomba.* Heshima ya neno hili hupotea likitafsiriwa kwa haraka, na mhudumu mpole akaonekana mkali. Kurasa za “could you” na “may I” zipewe muda.

Habari za kusoma nazo zipo hapa. Andika aya fupi kuhusu KNCU, chama kikuu cha ushirika wa kahawa kilichoandikishwa 1933, kuhusu mifereji ya kale ya Wachaga, au kuhusu safari ya 1889 iliyomfikisha Hans Meyer kileleni. Somo la namba kubwa lianze na mita 5,895 za Uhuru. Mwanafunzi akisoma habari anayoijua, nguvu yake yote huenda kwenye lugha.

5. Gharama, misaada na hakimiliki

Hesabu gharama kwa mtumiaji. Tuseme kitabu ni shilingi 40,000 na shule inanunua nakala 15: jumla ni 600,000. Vikitumiwa na kozi nne za watu 15, kila mwanafunzi amegharimu 10,000. Hesabu hiyo hutimia tu kama vitabu ni mali ya shule, vimepigwa muhuri na majibu yanaandikwa kwenye daftari.

Vitabu vinavyoachwa na wageni vipokelewe kwa shukrani, lakini angalia toleo. Nakala kumi za matoleo matatu zina kurasa zisizolingana, na nusu ya kipindi itakwisha kwa kutafuta zoezi. Nakala mojamoja ziwe za maktaba, na hadithi fupi zilizorahisishwa kwa ngazi ziazimwe nyumbani.

Kurudufu kitabu kizima na kuwauzia wanafunzi ni kuvunja Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999. Shule isiyoweza kununua nakala 15 inunue nane, watu wawili wakae na kitabu kimoja, na kurasa za nyumbani zijaze pengo. Hizo ni zako, rudufu upendavyo.

6. Jaribu, kisha pima

Usinunue kwa kutazama jalada. Pata nakala moja ya kila kitabu kati ya viwili vilivyobaki baada ya ukaguzi wako na fundisha vipindi vitatu kwa kila kimoja. Mwisho wa kipindi, wanafunzi wafunge vitabu na watende kazi iliyofundishwa, wawili wawili, mmoja akiwa mgeni. Kitabu ambacho wengi wameongea baada ya kukifunga ndicho cha kununua.

Kozi ikiisha, toa ile orodha ya siku ya kwanza. Msomee kila mwanafunzi jambo aliloandikisha kwamba lilimshinda, kisha umwache aliseme. Akiliweza, andika tarehe pembeni. Jambo lililowashinda wengi lirudi kwenye kurasa zako za nyumbani, na kama ni mengi, kitabu kibadilishwe kabla ya masika yajayo.