Deki Inapopata Joto Kupita Kiasi

Deki ya DVD hupata joto kiasi kila inapofanya kazi: mota huzungusha diski, leza huisoma, na ndani yake voliti 230 za umeme wa nyumbani hupunguzwa kuwa voliti chache. Joto hilo lisipopata njia ya kutoka, picha huganda, diski hutoka ikiwa ya moto, na pengine deki hujizima. Katika somo hili tunaeleza jinsi ya kutambua chanzo, hatua ambazo mlaji anaweza kuzichukua mwenyewe, na mahali anapopaswa kukomea.

Tambua tatizo kwanza

Andaa diski mbili na saa. Picha ikiganda mahali palepale pa filamu hata deki ikiwa imepoa, kasoro imo katika diski. Lakini kila diski ikiganda baada ya muda unaokaribiana, tuseme dakika 40, na deki ikishapoa ikacheza vizuri tena, basi chanzo kinachoelekea zaidi ni joto. Usikubali kununua lenzi mpya kabla ya kufanya kipimo hiki.

Hatua za nyumbani

1. Zima deki, chomoa plagi, na uiache ipoe kwa saa moja. Taa nyekundu ikiwaka, umeme bado unaingia.
2. Ondoa kitambaa kinachoifunika. Usiiweke juu ya king'amuzi wala amplifaya, kwani joto la chombo cha chini hupanda. Acha nafasi ya sentimita 10 hivi kila upande; ikiwa imo kabatini, acha mlango wazi inapotumika.
3. Ondoa vumbi kwenye matundu ya hewa kwa brashi laini na kavu. Usitumie kitambaa chenye maji.
4. Soma kibandiko cha nyuma. Deki iliyoandikwa 100–240V inafaa. Iliyoandikwa 110V au 120V pekee isichomekwe bila transfoma ya kushusha umeme.
5. Rudia kipimo cha awali.

Mahali pa kukomea

Usifungue kasha. Kapasita iliyomo ndani huweza kuhifadhi zaidi ya voliti 300 hata baada ya plagi kuchomolewa, na kuvunja sili kunaweza kukupotezea dhamana. Ukisikia harufu ya kuungua au ukiona plagi imeyeyuka, usiiwashe tena.

Dhamana ikiwa bado hai, irudishe deki dukani pamoja na risiti. Ikiwa imekwisha, mweleze fundi matokeo ya kipimo chako, omba bei kwa maandishi kabla ya kazi kuanza, na udai kipuri cha zamani kilichoondolewa.

Muuzaji akikataa kutimiza dhamana aliyoitoa, tuletee malalamiko kwa maandishi, ukiambatisha nakala za risiti na kadi ya dhamana. Hati halisi zibaki mikononi mwako.