Safari ya Ndege Kutoka Nairobi Hadi New York

Likizo ya Desemba iliyopita kaka yangu alisafiri kwenda masomoni Marekani. Tikiti yake ilisema: kuondoka Nairobi saa tano usiku, kufika New York saa kumi na mbili asubuhi. Mama alihesabu kwa vidole, akapata mwendo wa saa 7. Kulipokucha akaishika simu mkononi. Saa mbili, kimya. Saa nne, kimya. Uji wake ukapoa bila kuguswa, na jirani mmoja akaja kumpa moyo kama mtu aliyefiwa. Ndipo nilipofungua daftari langu la Jiografia.

Tikiti ya ndege huandika saa ya kuondoka kwa saa za mahali pa kuondokea, na saa ya kufika kwa saa za mahali pa kutua. Dunia hujizungusha nyuzi 360 kwa saa 24, yaani nyuzi 15 kila saa. Saa yetu ya Afrika Mashariki hufuata longitudo ya nyuzi 45 Mashariki, na ile ya New York nyuzi 75 Magharibi. Jumla ni nyuzi 120. Gawanya kwa 15, utapata 8. Basi sisi tumewatangulia kwa saa 8. (Wakati wa kiangazi wao husogeza saa zao mbele, tofauti ikawa saa 7.) Kwa hiyo safari ile si ya saa 7, bali 7 na 8, yaani saa 15.

Je, hesabu hiyo yapatana na umbali? Nyosha uzi juu ya tufe la dunia, toka Nairobi mpaka New York, uupime: ni kama kilomita 11,800. Ndege kubwa huenda karibu kilomita 900 kwa saa, nayo ingemaliza mwendo huo kwa saa 13 hivi. Lakini ndege haifuati uzi ule barabara. Tena hupunguza mwendo wakati wa kupaa na kutua. Zaidi ya hayo, juu ya bahari ya Atlantiki, kimo cha kilomita 10 na zaidi, pepo kali huvuma kutoka magharibi kwenda mashariki. Anayekwenda New York hupingana nazo. Anayerudi husukumwa nazo. Ndiyo sababu safari ya kurudi huwa fupi kuliko ya kwenda.

Nilimwonyesha mama hesabu hiyo, nikasema, "Mama, huko kwao bado ni usiku. Kaka yuko angani. Atatua saa nane mchana kwa saa yetu." Hakunijibu, ila aliuchukua uji akaupasha moto.

Saa tisa kasoro robo simu ililia. Alikuwa kaka, amefika salama.

Ndugu wasomaji, tusiseme kuwa longitudo ni za mtihani tu. Siku ile zilimtuliza mama yangu.