Mwamba Mmoja, Majina Mengi: Kuoanisha Majina ya Matabaka Chini ya Bahari

Chini ya Bahari ya Kaskazini, baina ya Uingereza na Norwei, limelala tabaka la mwamba mweusi wa matope lililofanyika yapata miaka milioni 150 iliyopita. Tabaka hilo ndilo lililozaa sehemu kubwa ya mafuta ya petroli ya bahari hiyo. Upande wa Uingereza huitwa Kimmeridge Clay, kwa jina la kijiji cha pwani ya kusini ya nchi hiyo. Upande wa Norwei huitwa Draupne, na kusini zaidi Mandal. Atakayeendelea kaskazini atakuta mwamba wa namna hiyo ukiitwa Spekk katika Bahari ya Norwei, na Hekkingen katika Bahari ya Barents.

Sababu ya wingi huo wa majina ni rahisi kueleweka. Mwamba wa nchi kavu huonekana katika majabali na makorongo, na mtaalamu aweza kuufuata kwa miguu. Mwamba wa chini ya bahari hujulikana kwa visima vilivyotengana kwa kilomita nyingi. Kila kampuni ilichimba katika eneo lake na kuyapa matabaka majina yake yenyewe.

Mkanganyiko huo una gharama. Nchi hizo mbili ziligawana bahari kwa mkataba wa mwaka 1965. Mwaka 1974 yakagunduliwa mafuta ya Statfjord, ambayo yamekaa pande zote mbili za mpaka. Ili kila nchi ipate haki yake, ilipasa kujua kiasi cha mafuta kilichomo kila upande. Na hesabu hiyo haiwezekani ikiwa wataalamu hawajakubaliana kwanza kuhusu tabaka wanalolipima. Hatimaye sehemu ya Norwei ilikuwa takriban asilimia 85.

Kwa hiyo, mwaka 1977 taasisi za nchi hizo mbili zilitoa kwa pamoja orodha ya majina ya matabaka ya sehemu za kati na kaskazini za bahari hiyo. Msingi wa mpango huo ni fomesheni, yaani mwamba unaotambulikana kwa umbile lake na unaoweza kuchorwa katika ramani. Fomesheni kadhaa zinazohusiana hufanya kundi. Kila fomesheni hupewa kisima cha mfano, ambacho wengine watalinganisha nacho visima vyao.

Ulinganishaji wenyewe hufanywa kwa njia tatu. Ya kwanza ni kuchunguza mwamba: chembe zake, rangi yake, na mionzi ya gama inayopimwa kisimani, ambayo katika matope meusi huwa mikali. Ya pili ni kuchunguza visukuku vidogo sana, ambavyo hudhihirisha umri. Ya tatu ni kupeleka mawimbi ya mtetemo ardhini, ili kuona kama tabaka limeendelea baina ya visima au limekatika.

Njia hizo huhitajiana, kwa kuwa miamba iliyofanana si lazima iwe ya wakati mmoja. Kundi la Brent ni mfano mzuri. Katika Jurasiki ya kati, delta kubwa ilijijenga kutoka kusini kuelekea kaskazini. Mchanga wa ufukweni ulitulia kwanza kusini. Delta iliposonga mbele, ufukwe nao ukahamia kaskazini. Basi mchanga ule ule ni wa kale zaidi kusini, ijapokuwa kwa macho hauna tofauti. Anayeunganisha visima kwa kufuata mchanga peke yake atadhani anafuata wakati mmoja, na huenda akachimba kisima kinachofuata mahali pasipo na mchanga autafutao.

Jina Kimmeridge nalo lina mtego wake, kwani ni jina la mwamba na pia la kipindi cha wakati. Matope hayo meusi yaliendelea kutulia baharini hata baada ya kipindi hicho kwisha. Mwaka 1984 Norwei ilirekebisha orodha ya upande wake, na jina Draupne likaingia. Kuoanisha, kwa hiyo, si kufuta majina yote na kubakiza moja. Ikiwa mwamba ni mmoja na umeendelea, jina lililotangulia kutangazwa kwa kanuni hupewa haki ya kwanza; ikiwa tofauti ni ya kweli, majina mawili hubaki, na jedwali huonyesha lipi linalingana na lipi.

Somo hili linaihusu Afrika ya Mashariki pia. Mawe ya chokaa ya Amboni, karibu na Tanga, na yale ya Kambe, katika pwani ya Kenya, yote ni ya Jurasiki ya kati, lakini kila upande una jina lake. Tena, bonde la mashapo la Ruvuma limekaa chini ya bahari ya Tanzania na ya Msumbiji, na tangu mwaka 2010 gesi nyingi imegunduliwa katika bahari ya nchi hizo mbili. Mpaka umechorwa juu ya maji. Matabaka yaliyo chini yake hayaukomei. Nchi jirani zikilinganisha visima vyao mapema, zitakapoketi kujadiliana zitakuwa zinazungumzia mwamba ule ule.