Taharuki Bila Kuficha Muuaji

Kila mwaka wanafunzi wangu huandika kwamba taharuki ni "kumficha msomaji mwisho wa hadithi". Jibu hilo ni nusu tu. Chukua filamu ya Kimarekani *Double Indemnity* ya mwaka 1944, iliyoongozwa na Billy Wilder kutokana na riwaya ya James M. Cain. Walter Neff, wakala wa bima wa kawaida tu jijini Los Angeles, anaingia ofisini usiku akiwa na jeraha la risasi. Anakiri kwenye mashine ya kurekodi sauti kwamba ameua, na kwamba hakupata pesa wala mwanamke. Muuaji tumeshamjua! Kisha mbinu rejeshi inaturudisha siku alipokutana na Phyllis, mke wa mteja wake, mwanamke asiyesomeka. Wanapendana (au Walter anadhani hivyo), wanamsainisha mume bima ya ajali bila yeye kujua, wanamuua na kuulaza mwili relini, kwa kuwa ajali ya treni hulipwa mara mbili.

Sasa angalia. Wanarudi garini, Phyllis anapiga stata, gari haliwaki. Anajaribu tena. Haliwaki. Mtazamaji anabana pumzi akiomba liwake, ingawa waliomo ndani ni wauaji. Swali limekuwa "watagundulikaje?"

Kwenye mtihani, taja kwanza swali linalomsumbua msomaji, kisha tukio moja linalochelewesha jibu lake. Mfano utoe kwenye vitabu vyako teule. Filamu hii haimo.