Usipulize Dawa Kabla Hujamjua: Namna ya Kutofautisha Viwavi wa Nondo Kwenye Mahindi

Leo tuongee kuhusu nondo, wale wadudu wanaozunguka taa usiku, na hasa watoto wao, yaani viwavi. Nondo mwenyewe hali mahindi yako. Anayekula ni kiwavi.

Nianze na kosa langu. Msimu mmoja kijana aliyekodi ekari 4 alinitumia picha ya majani yaliyotoboka. Nikajibu haraka haraka: "Hao ni viwavijeshi vamizi, pulizia." Akapulizia mara mbili. Nilipofika shambani tukapasua bua, tukakuta funza wamo ndani wanakula kwa raha zao. Dawa ilikuwa inapita juu tu. Mimea mingi ilishakauka moyo, na hela ya dawa na vibarua imeshaondoka. Tangu siku hiyo sitaji jina la mdudu kwa kuangalia picha ya jani peke yake.

Jina lina kazi gani?

Wataalamu humpa kila mdudu majina mawili. La kwanza ni la jenasi, tuseme ukoo. La pili ni lake mwenyewe ndani ya ukoo huo. Kiwavijeshi vamizi ni Spodoptera frugiperda, na kiwavijeshi wa Afrika ni Spodoptera exempta. Ni ukoo mmoja, ndiyo maana wanatuchanganya.

1. Kiwavijeshi vamizi

Asili yake ni bara la Amerika. Aliripotiwa Afrika mwaka 2016, na mwaka 2017 alikuwa ameshafika Tanzania. Angalia kichwani: ana alama kama herufi Y iliyopinduliwa. Kisha angalia mkiani: pingili ya pili kutoka mwisho ina madoa manne meusi yaliyopangwa kama pembe nne za mraba. Mayai huwekwa kwa fungu, mara nyingi yamefunikwa na vinyweleo kama ukungu. Kiwavi hukaa kwenye moyo wa mhindi, na kinyesi chake kinafanana na unga wa mbao uliolowa.

2. Kiwavijeshi wa Afrika

Huyu ndiye jeshi lenyewe. Huja kwa makundi makubwa, hasa mvua zinapoanza, na huhama kutoka shamba hadi shamba, malisho nayo hayasalimiki. Wakiwa wengi huwa weusi mgongoni, na ubavuni wana mistari. Hana ule mraba wa madoa manne mkiani.

3. Funza wa mabua

Hapa wapo wawili maarufu. Busseola fusca hupatikana zaidi nyanda za juu. Kiwavi wake ni wa rangi ya maziwa au pinki hafifu, kichwa cheusi au kahawia, na mayai hufichwa nyuma ya ala la jani. Chilo partellus alitoka Asia na hupenda maeneo ya chini yenye joto. Mgongoni ana mistari na safu za madoa, na mayai yake hulaliana kama magamba ya samaki. Wote wawili huanza kwenye majani machanga, halafu wanaingia ndani ya bua. Mara nyingi jani likifunguka unaona vitobo vimejipanga mstari.

Sasa unamtambuaje?

- Usitegemee rangi. Kiwavijeshi vamizi anaweza kuwa wa kijani, kahawia au karibu mweusi.
- Tembea shamba zima, simama sehemu 5, kagua mimea 20 kila sehemu. Jumla ni 100, kwa hiyo asilimia unaipata bila kikokotoo.
- Fungua moyo wa mmea. Usipoona kiwavi, pasua mabua mawili matatu.
- Piga picha ya kichwa, mgongo na mkia. Wadogo hawaonyeshi alama vizuri, tafuta mkubwa.
- Andika tarehe, umri wa mahindi na ulikomkuta: jani, moyo, bua au gunzi.

Jina ndilo linaloamua kazi

Kiwavijeshi vamizi mpulizie akiwa bado mdogo, asubuhi mapema au jioni, ukielekeza bomba kwenye moyo wa mmea. Kiwavijeshi wa Afrika toa taarifa kwa afisa ugani siku hiyo hiyo, maana shamba la jirani ndilo linalofuata. Funza wa mabua mwahi kabla hajaingia ndani. Akishaingia, usitupe hela. Subiri uvune, kisha mabua yalishe mifugo au yafukie, kwa sababu humo ndimo anamopitishia kiangazi akisubiri msimu wako ujao.

Kesho asubuhi, kabla hujaenda duka la pembejeo, ingia shambani umkamate mmoja. Ukinitumia picha, swali langu la kwanza litakuwa: mkia wake uko wapi?